Msomi wa mwaloni anapimwa kwa mizani isiyo yake

Mwaka 2022 Serikali ilitangaza kuwazawadia watafiti wa Kitanzania wanaochapisha katika majarida yenye hadhi ya juu duniani, zawadi ikifika shilingi milioni 50. Tangu hapo, kila zawadi hizo zinapotajwa, mjadala ni uleule. Wapo wanaopongeza wakisema hatimaye taifa limetambua kazi ya akili. Wapo wanaohoji makala ya Kiingereza inayosomwa na watu wachache huko nje inamsaidia nini mvuvi wa Ukerewe au mama anayeanika dagaa Igombe, na humalizia kwa kuwataka maprofesa watoke ofisini waende kwa wananchi. Nimeufuatilia mjadala huu nikiwa hapa Mwanza na naona pande zote mbili zimeikosa hoja. Wasomi waliotoka ofisini wapo, na baadhi yao wametumia sehemu kubwa ya maisha yao ya kazi mialoni, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, kwenye mitaa ya milimani na kwenye mikutano ya vijiji. Ambacho hakijaulizwa ni nini kinawapata wanaporudi chuoni.

Kusanifu vifaa na taratibu pamoja na watu watakaovitumia, kwa lengo la kuishi na Ziwa Victoria bila kulimaliza, ni taaluma kamili iitwayo usanifu shirikishi. Ina mbinu zake, ina historia yake, na sehemu ya historia hiyo ilitengenezwa Tanzania. Lakini vyuo vinaipima kwa hesabu ya makala, na wafadhili wanaipima kwa hesabu ya majina kwenye karatasi ya mahudhurio. Vipimo vyote viwili vinampita msomi anayeifanya kazi hiyo vizuri na kumpa maksi yule hodari wa kujaza fomu. Ninavyoona mimi, usanifu shirikishi upimwe kwa mambo mawili: ni uamuzi gani ulibadilika kwa sababu wananchi walikuwepo, na ni nini bado kinatumika baada ya fedha za mradi kuisha.

Wengi hudhani ushirikishwaji ni sharti la wafadhili la miaka ya karibuni. Si hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu wa kompyuta wa Norway, Kristen Nygaard, alianza kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Huyu hakuwa mwanaharakati aliyekosa kazi: pamoja na Ole-Johan Dahl alikuwa ameshaunda Simula, lugha ya programu ambayo lugha nyingi za leo zimetokana nayo. Wafanyakazi waliona mashine mpya zikiingia viwandani bila wao kuulizwa, naye akakaa nao wajifunze, wachunguze viwanda vyao wenyewe na wajue cha kudai. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa mikataba iliyowapa wafanyakazi sauti katika uingizaji wa teknolojia kazini. Kuanzia 1981, mradi wa UTOPIA uliwakutanisha watafiti, akiwamo Pelle Ehn wa Sweden, na wafanyakazi wa uchapaji magazeti. Kompyuta walizozitaka hazikuwa zimeshatengenezwa, kwa hiyo waliunda mifano ya maboksi ya karatasi ngumu. Wachapaji waliigiza kazi yao ya kila siku mbele ya maboksi hayo, na pale walipokwama mfano ulibadilishwa. Mtu asiyejua hata kuwasha kompyuta aliweza kuikosoa mashine kabla haijazaliwa.

Miaka hiyohiyo, huku kwetu, jambo la aina hiyo lilikuwa linafanyika kwa njia nyingine. Marja-Liisa Swantz, mwanamke wa Kifini aliyefika Tanganyika miaka ya 1950, alikuwa mtafiti Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yeye na wenzake, wakiwamo wanafunzi wa Kitanzania, walijenga namna ya utafiti ambamo mwanakijiji anauliza maswali na kutafuta majibu pamoja na mtafiti. Kuanzia 1975 mradi wa Jipemoyo uliifanya kazi hiyo Bagamoyo. Budd Hall naye alikuwa Dar es Salaam, kwenye elimu ya watu wazima, enzi za kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, ambayo iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, kujadili na kisha kuchimba vyoo na kusafisha visima. Ukifungua leo historia ya utafiti shirikishi popote duniani, majina hayo na nchi hii vimo. Mwaka 2014 mkutano wa kimataifa wa usanifu shirikishi ulifanyika Windhoek, Namibia, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kuzunguka kwingineko. Kwa hiyo mhadhiri kijana wa Mwanza anayechagua njia hii anaendeleza kazi ambayo wazee wa nchi hii, wasomi na wanakijiji, walishaianza.

Tushuke mwaloni tuone kazi yenyewe ikoje. Chukua vichanja vya kuanikia dagaa. Kila mtu anayejua mambo ya ziwa anajua hoja yake: dagaa wakianikwa chini hushika mchanga, mvua ikinyesha huharibika, na walioharibika huishia kuuzwa kwa bei ya chini kama chakula cha kuku. Wakiwekwa kwenye kichanja, meza ya miti iliyotandazwa wavu, hewa hupita juu na chini, hukauka haraka na kubaki safi. Kwa mhandisi, shauri limekwisha hapo. Mradi unakuja, vichanja vinajengwa, picha zinapigwa, ripoti inaandikwa. Ukipita baada ya mwaka unaweza kukuta vichanja vimeanikiwa nyavu au kanga, na dagaa wako mchangani kama zamani. Mwandishi wa ripoti ya pili ataandika kwamba wananchi wanahitaji kuelimishwa.

Pale Igombe mama mmoja, mchakataji wa miaka mingi, alinieleza kwa utulivu kwa nini mambo huwa hivyo. Mitumbwi inaingia alfajiri. Siku dagaa wakiwa wengi, ndoo zinafuatana kwa fujo, na kichanja kinajaa kabla hajamaliza mzigo wa mtumbwi mmoja. Mchanga haujai. Mawingu yakitokea, dagaa walio chini wanakusanywa kwa fagio na turubai mara moja, lakini walio kwenye kichanja wanakusanywa kwa mkono kutoka pande mbili, na yeye ana mikono miwili. Mnunuzi wa jumla kutoka soko la Kirumba, siku ambayo mzigo ni mwingi, anataja bei moja kwa wa mchangani na wa kichanjani. Halafu akauliza hiki kichanja ni cha nani. Kama kiko kwenye eneo la tajiri mwenye mitumbwi, basi atakayekitumia kesho ni yule ambaye tajiri anamtaka. Kila sentensi aliyoisema ni sharti la usanifu: ukubwa, kasi ya kukusanya, soko, umiliki. Hakuna hata moja iliyohusu uelewa wa usafi, kwa sababu usafi anaujua kuliko mimi na wewe.

Ongeza mambo ambayo yeye peke yake hawezi kuyaamua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na dagaa hawawezi kubebwa kichwani kwenda mbali kila alfajiri. Mvua za 2019 na 2020 zilipandisha maji hadi kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu miaka ya 1960, na sehemu za mialo zikamezwa. Kichanja cha nguzo za zege kinagombana na sheria na kinagombana na ziwa. Kinachotakiwa pengine ni kichanja kinachohamishika, chenye turubai lake, kinachomilikiwa na kikundi chenye hati ya makubaliano na serikali ya mtaa, pamoja na mpango na wanunuzi wa kulipa tofauti kwa dagaa safi. Sehemu ndogo tu ya usanifu huo ni mbao na wavu. Kubwa ni mazungumzo kati ya watu wasiolingana nguvu: mchakataji, tajiri, afisa uvuvi, mwenyekiti wa mtaa, mnunuzi. Kuyaendesha mazungumzo hayo hadi yazae kitu, huku ukiandika kwa uangalifu nani alisema nini na nani alinyamaza, ni kazi ya kitaaluma inayodai ujuzi mkubwa. Nasema hivi nikiwa nimewaona watu wenye shahada nzito wakishindwa kuifanya.

Kazi hiyo inakula muda, tena muda wa aina yake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi za betri na sola. Mbalamwezi ikikaribia kutimia, taa haziwavuti, mitumbwi inapumzishwa na watu wanashona nyavu. Anayetaka kuongea na wavuvi wa dagaa kwa kina awafuate mbalamwezi. Akija wakati wa giza atakuta wanaume wamelala mchana na wanawake wakiwa na mzigo juani, na watakaofika kwenye kikao ni wale wasio na kazi mwaloni, au waliosikia kuna posho. Chuo hufuata semista, na fedha za umma hufunga hesabu Juni 30. Mhadhiri mwenye vipindi vitatu na makaratasi ya mitihani ya kusahihisha anabanwa kati ya kalenda hizo, na ya mwezi wa angani ndiyo anayoikosa kwanza, kwa sababu ndiyo pekee isiyomtumia barua ya kujieleza.

Sasa mtazame mhadhiri huyo baada ya miaka sita. Amekaa na kikundi kimoja cha wachakataji, amesaidia kupatikana kwa makubaliano ya eneo, ameshuhudia aina mbili za vichanja zikishindwa na ya tatu ikishika. Ana makala mbili. Mwenzake wa chumba cha pili alituma hojaji kwenye mialo kumi na miwili, akachambua majibu kwa programu ya takwimu na ana makala tisa. Kwa kuwa vigezo vya kupanda cheo vinaegemea machapisho, wa pili anaitwa Mhadhiri Mwandamizi na wa kwanza anashauriwa, kwa upole, aongeze juhudi. Simdharau mwenye hojaji. Tunahitaji takwimu zake. Ninachosema ni kwamba vijana wanaosoma ishara hizi wana akili. Wanaacha. Au wanabaki na jina la ushirikishwaji huku wakiifupisha kazi hadi warsha ya siku mbili hotelini Capri Point, yenye chai, karatasi kubwa za ukutani na kalamu za rangi.

Wanaotetea kipimo cha makala wana hoja nzito, na siyo haki kuwaona kama maadui wa wananchi. Wanasema makala iliyopitiwa na wataalamu wasiokujua ndiyo kinga yetu dhidi ya vyeo vya kujuana. Ukifungua mlango wa kusema "mimi naleta mabadiliko kwa jamii", kila mtu atapita humo akiwa na picha na barua ya shukrani ya mtendaji wa kata. Nakubali. Kwenye nchi ambayo mtu anaweza kupata cheti cha shukrani kwa kufungua kikao, hofu hiyo ni ya kweli. Wanaongeza kwamba Nygaard huyohuyo hakuachwa nyuma na wenzake: mwaka 2001 yeye na Dahl walipewa tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta. Msomi mzuri, wanasema, atafanya vyote. Hapa ndipo ninapoachana nao. Tuzo ile ilitolewa kwa Simula na mawazo yaliyotokana nayo, kazi aliyoianza kabla ya kwenda kwa wafanyakazi wa chuma. Alikwenda kwao akiwa tayari na jina. Kumtaka Mhadhiri Msaidizi wa Nyegezi afanye vivyo hivyo ni kumwambia asubiri hadi awe mzee ndipo aende mwaloni, na wengi wakishazoea kusubiri hawaendi tena.

Kuna hoja nyingine, iliyo nzito zaidi kwangu, inayotoka kwa wananchi wenyewe: ushirikishwaji umeshatumika mara nyingi kutuzunguka. Wazee wa Kanda ya Ziwa wanakumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu wakihamishwa kwa nguvu chini ya siasa iliyokuwa ikihubiri kwamba watu hujiletea maendeleo wenyewe. Wavuvi wanakumbuka ya karibu zaidi. BMU, yaani vikundi vya wananchi vya kusimamia uvuvi mialoni, ziliundwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, zikatambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya 2003, kwa ahadi kwamba jamii za mwaloni zitasimamia ziwa pamoja na Serikali. Ilipokuja Operesheni Sangara ya 2018, msako wa Serikali dhidi ya uvuvi haramu, na nyavu zikachomwa moto hadharani, wengi walijiuliza usimamizi wa pamoja ulikuwa na maana gani kama mwananchi hakuwa na nafasi kwenye uamuzi na alibaki wa kutekeleza au kutekelezewa. Uvuvi haramu ni tatizo kweli, sangara wachanga walikuwa wanamalizwa, na sitetei kokoro, wavu haramu wa kukokota. Lakini kamati inayokumbukwa siku ya kukamata tu haijashirikishwa. Mmarekani Sherry Arnstein aliliandika jambo hili mwaka 1969: alipanga ushirikishwaji wa raia katika ngazi ya vidato vinane, vya chini vikiwa ni kuwachezea na kuwatuliza watu, vya juu vikiwa ni wananchi kushika madaraka. Sehemu kubwa ya tunachokiita ushirikishwaji kwenye ripoti zetu iko katikati ya ngazi hiyo au chini zaidi, kwenye kuarifiwa na kuulizwa maoni.

Hoja hii haiui taaluma ninayoitetea. Inaeleza kwa nini karatasi ya mahudhurio haifai kuwa ushahidi, na kwa nini tunahitaji wasomi wanaoweza kupambanua kikao cha kuamua na kikao cha kupiga muhuri. Mwananchi aliyeunguziwa wavu ana haki ya kudai kipimo kikali kuliko kile cha mfadhili.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi, hata kwa watu waliosoma: kwamba mwananchi wa kawaida hana utaalamu wa kusanifu, na kwamba kwenda kukaa naye ni kazi ya maafisa ugani, siyo ya profesa. Sehemu ya kwanza inachanganya mambo. Hakuna aliyesema mchakataji wa dagaa akokotoe uzito unaohimiliwa na mbao, kama ambavyo hakuna aliyewadai wachapaji wa Sweden wabuni saketi. Wanaombwa kile wanachokijua peke yao, jinsi siku yao inavyokwenda, na wanapewa nafasi ya kukataa. Kichanja kilichogeuzwa kamba ya kuanikia nguo ni gharama halisi ya kutowauliza. Sehemu ya pili inamdharau afisa ugani na kumdanganya profesa. Afisa ugani anapeleka maarifa yaliyokwishathibitishwa; pale ambapo hakuna anayejua jibu, kama vile mwalo unaohamahama ukingoni mwa ziwa linalopanda na kushuka, ukikaa chini ya sheria ya mita 60, panahitajika utafiti, na utafiti huo haufanyiki bila watu wa mwaloni ndani yake.

Jambo hili linazidi kuwa la haraka kwa sababu ya yanayoendelea ziwani sasa. Januari 2024 Rais alikuwa hapa Mwanza kuzindua utoaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo usio na riba. Naunga mkono, samaki wa kuvua hawatoshi. Lakini kizimba kinachukua eneo la maji ambalo jana lilikuwa njia ya mtumbwi au mahali pa kutegea nyavu. Kinahitaji chakula, ulinzi wa usiku, maji yenye hewa ya kutosha, na majirani wasiokichukia. Nani anakaa na mvuvi wa dagaa, mwenye kizimba na afisa uvuvi kuchora ramani ya maji hayo kabla ugomvi haujaanza? Dira ya Taifa ya 2050 ilizinduliwa Julai 2025, na maandiko ya miradi yataandikwa kwa lugha yake kwa miaka mingi. Kila andiko litakuwa na sura ya ushirikishwaji. Kama wasomi wenye ujuzi huo watakuwa wameshakimbilia hojaji, sura hizo zitaandikwa na watu wasiowahi kuona dagaa wakimwagwa kutoka kwenye ndoo.

Nini kifanyike, basi? Sipendekezi makala zifutwe wala zawadi ya milioni 50 iondolewe. Napendekeza kamati za kupandisha vyeo zikubali aina ya pili ya ushahidi, na ziidai kwa ukali uleule. Mhadhiri alete maelezo ya uamuzi uliobadilika: mwanzo tulipanga hivi, watu wa mahali fulani walikataa kwa sababu hii, tukafanya vile. Wapitiaji wawili wasiomjua waende mahali hapo, waongee na watu bila yeye kuwepo, akiwamo aliyeupinga mradi, na waandike walichokikuta. Waende miaka mitatu au mitano baada ya fedha kuisha. Atakayekuwa amejenga vichanja vya kupigia picha ataumbuka zaidi ya anavyoweza kuumbuka leo mbele ya jarida lolote, kwa sababu mhariri wa jarida haji Igombe. Wale wanaohofia vyeo vya kujuana wangepaswa kuwa wa kwanza kulipenda pendekezo hili.

Kanda hii ina mahali pa kuanzia. Mradi wa maji na usafi wa HESAWA, uliofadhiliwa na Sweden, ulifanya kazi Kagera, Mara na Mwanza kuanzia 1985 hadi 2002, ukijengwa juu ya kamati za vijiji na visima vyenye pampu za mkono. Wajumbe wa kamati zile wengi bado wako hai. Wanajua pampu ipi ilidumu, nani alikuwa akishika pesa za vipuri, na kijiji kipi kiliacha kuchangia na kwa nini. Hapo pana mtaala mzima wa shahada ya uzamili juu ya nini hubaki wafadhili wakiondoka, kwa umbali wa basi kutoka vyuo vya Mwanza. Kinachohitajika ni chuo kitakachomruhusu mhadhiri wake aende kuwasikiliza wakati wa mbalamwezi, kimlipie nauli, na kisimkate cheo kwa kuchelewa kurudi.